Kupanga bei ya gari la spoti unaloliuza mwenyewe: nilivyouza Altezza yangu hapa Tanga

Kabla hujataja bei, fungua boneti usome kibao. Kwenye Toyota Altezza kimefungwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na dashibodi, na ndani ya msimbo wa modeli utakuta ama SXE10 ama GXE10. Herufi hiyo moja ya mwanzo inaamua mazungumzo yote yatakayofuata. SXE10 ni RS200: injini ya 3S-GE ya silinda nne, nguvu farasi 210 ikiwa na gia sita za mkono, 200 ikiwa otomatiki. GXE10 ni AS200: injini ya 1G-FE ya silinda sita, laini na tulivu, farasi 160. Zote mbili ni cc 2,000 kasoro kidogo, zote zinasukumwa na matairi ya nyuma, na ukiziegesha pamoja pale Ngamiani mpita njia hatazitofautisha. Lakini anayeitafuta RS200 ya gia za mkono hataki nyingine, na yuko tayari kupanda basi usiku kucha kuifuata.

Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu iko bandarini hapa Tanga, na kila siku ya Mungu nakokotoa ushuru wa magari ya watu. Mwaka 2016 niliagiza la kwangu: RS200 ya mwaka 1999, rangi ya fedha, gia sita. Nimekaa nalo miaka minane. Nililiuza kwa sababu mama alianza kusumbuliwa na magoti na hakuweza tena kujikunja kuingia kwenye gari la chini vile. Dalali wa kwanza aliniambia milioni tisa, "tena nakusaidia tu, dada". Wa pili akasema kumi na nane, nimwachie funguo. Hakuna hata mmoja aliyefungua boneti. Nikaamua kuliuza mwenyewe, na haya ndiyo niliyoyafanya.

Linafika kwa shilingi ngapi likiagizwa leo

Anza juu, kwenye dari ya bei. Mnunuzi wako ana njia mbili: anunue lako, au aagize lingine Japani. Jua ile njia ya pili inamgharimu nini.

Tuseme gari, meli na bima vimefika bandarini kwa jumla ya milioni 8. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2, tumefika 10. Ushuru wa bidhaa kwa gari la zaidi ya cc 1,000 lisilozidi 2,000 ni asilimia 5 ya hiyo 10, laki tano. Halafu unakuja uzee: gari la kutembelea lililozidi miaka kumi linaongezewa asilimia 30, hapo ni milioni 3. Tuko 13.5. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya yote hayo, milioni 2.43. Kodi peke yake zinakaribia milioni 8, sawa na gari lenyewe, na bado hujalipa tozo ndogondogo, gharama za bandari, wakala na namba za usajili. Gari la milioni 8 linakuwa la 16, na likifika nyumbani kwako linaelekea 17.

Usitumie mfano wangu kama ulivyo. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni: unachagua aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa kodi. Na elewa kwamba kwa gari lililotumika TRA wanaangalia thamani iliyomo kwenye mfumo wao, hawafuati tu ankara uliyoandikiwa na muuzaji. Viwango vinaweza kuguswa kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo kokotoa wiki unayouza. Nilichapa ukurasa ule nikauweka kwenye bahasha moja na kadi ya gari. Mnunuzi wangu aliusoma mara mbili.

Kuna jambo jingine linaloinua dari hiyo, na wauzaji wengi wa hapa hawalijui. Marekani inaruhusu kuingiza gari la nje ambalo halikutengenezwa kwa masharti yao likishafikisha miaka 25. Altezza ilianza kuuzwa Oktoba 1998, kwa hiyo tangu 2023 na wao wameingia kwenye minada ya Japani kuzitafuta, hasa za gia za mkono. Ndivyo ilivyo kwa magari mengi ya spoti ya miaka ile. Ukiwa na Skyline, Chaser au Impreza WRX ya miaka ya tisini, usilinganishe bei yako na uliyonunulia miaka kumi iliyopita. Tazama ya leo.

Hata hivyo hutauza kwa bei ya dari. Lililoko hapa limeshakula mashimo yetu na matuta yetu, na macho ya mnunuzi yanakimbilia kwenye namba. Langu lilikuwa namba D, yaani herufi tatu za mwisho za usajili zinaanza na D. Watu wanalipa zaidi kwa D kuliko C, na kwa E kuliko D, ingawa herufi inaonyesha tu lini gari lilisajiliwa Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Usibishane nao kwa hilo. Waonyeshe mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha endelea.

Bei ya tangazo na bei iliyolipwa

Tanga soko la magari haya ni dogo. Wengi wanataka IST, Noah, au Harrier ya kupeleka familia Lushoto. Wanunuzi wa spoti wako Dar, Arusha na Moshi, kwa hiyo bei za kulinganisha zitoke huko.

Nilikusanya matangazo ya RS200 za gia za mkono kwa wiki sita, nikayaandika kwenye daftari kwa tarehe. Yalikuwa kati ya milioni 13 na 17. Lile la 17 lilikuwepo siku ya kwanza na lilikuwepo siku ya mwisho. Bei ya gari lisilouzika haikufundishi kitu. Nilichosubiri ni tangazo kuondolewa, kisha nampigia mwenyewe: "Kaka, samahani, mimi nauza kama lako, niko Tanga, sikushindanii. Uliliachia kwa ngapi?" Wengine walikata simu. Watatu waliniambia: 12.8, 13.5 na 14. Wastani wake ni kama 13.4, na huo ukawa msingi wangu. Simu tatu hizo zilinifaa kuliko matangazo yote niliyokusanya.

Kinachopunguza

Hapa ndipo bei yenyewe inapozaliwa, na ndipo wauzaji wengi wanapokosea. Wanahesabu walichotumia. Mnunuzi anahesabu anachokiogopa. Kila shaka usiyoijibu anaitia bei mwenyewe, na siku zote anaitia bei ya juu kabisa: ukimya kuhusu klachi anauhesabu kuwa klachi mpya, na juu yake injini na gia boksi.

Basi nililipeleka gari kwa fundi wa Makorora ambaye hakuwahi kulishika. Yule wa siku zote analizoea, kelele zake hazisikii tena. Nilimlipa elfu hamsini alikague kana kwamba analinunua yeye.

Kwanza alilinyanyua. Mimi nilikaa Raskazoni miaka mitatu, nyumba ya kodi, upepo wa kusi unapiga moja kwa moja kutoka baharini. Fundi akapitisha kidole ndani ya ukingo wa bati juu ya tairi la nyuma kushoto, pale panapokunjwa. Kidole kikatoka na vipande vyekundu, vyembamba kama maganda ya kitunguu. Kwa nje rangi ilikuwa inang'aa, hakuna dalili. Akachukua bisibisi akagonga polepole kuzunguka lile tao lote, akisikiliza: ting, ting, ting, kisha tup. Mahali pa tup palikuwa kama upana wa kiganja. Huko kwenye tao, chini ya milango, na kwenye mifereji ya buti ndiko chumvi inakoanzia kula magari ya mwambao, na mnunuzi kutoka Arusha anaijua sifa hiyo ya magari ya Tanga kabla hajaagana na mkewe. Kwa hiyo ukiishi karibu na bahari, picha za uvunguni ni sehemu ya bei yako. Nilipiga kumi na mbili.

Kisha sumaku. Alifunga kipande cha sumaku ya spika kwenye kitambaa laini, akakipitisha kwenye bati lote. Kilishika vizuri kila mahali isipokuwa fenda ya nyuma kulia, kikateleza. Nilijua kwa nini: bajaji ilinigonga pale stendi ya Kange, pakanyooshwa na kupakwa fila, ile ya kujazia mabonyeo ambayo sumaku haiishiki. Mtu akikuambia "rangi ya Japani" mpe sumaku, atanyamaza. Mimi sikuandika rangi ya Japani kwenye tangazo langu. Niliandika: rangi ya Japani isipokuwa fenda ya nyuma kulia, iligongwa na bajaji, picha za kabla na baada ninazo.

Injini akaipima mgandamizo silinda moja moja. Unachotafuta ni ulingano. Moja ikiachwa mbali na wenzake, hapo pana ugonjwa. Zangu nne zilikuwa karibu sawa. Alinikumbusha kwamba 3S-GE inatumia mkanda wa taimingi, na desturi yake ni kubadilishwa kila kilomita 100,000. Mimi niliubadilisha, risiti ninayo, tarehe na kilomita zimeandikwa. Kama huna ushahidi, mnunuzi mwenye akili atahesabu kwamba haujabadilishwa, na atakuwa na haki.

Klachi ilikuwa inashika juu sana, karibu na mwisho wa pedeli. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa yamekwisha kwa ndani. Taa ya injini ilikuwa inawaka kwenye dashibodi kwa sababu ya sensa ya oksijeni.

Je, utengeneze kabla ya kuuza? Kanuni yangu: kile cha bei ndogo kinachotisha, tengeneza, kile kikubwa kinachoeleweka, acha ukitoe kwenye bei. Taa ya injini inatisha hata kama tatizo ni dogo, kwa hiyo sensa nilibadilisha. Kiyoyozi nilijaza gesi, kwa sababu hakuna anayekaa kwenye gari la joto mwezi wa pili hapa Tanga akafikiria vizuri. Klachi sikuigusa. Mwenye gari la spoti ana chaguo lake la klachi, anaweza kutaka nzito zaidi. Ukimwekea ya kwako hatakulipa. Nilichukua bei ya maandishi kutoka dukani pamoja na ufundi: laki saba. Matairi mawili: laki nne. Kutu na fenda: laki tatu. Jumla milioni 1.4. Kutoka 13.4 nikabaki na 12.

Kinachoongeza, na kinachodhaniwa kinaongeza

Hela ya mapambo hairudi. Naisema kwa uchungu kwa sababu nimewaona vijana waliotia milioni nne kwenye gari la milioni kumi wakaomba 14. Springi zilizokatwa, ekzosi ya kelele, bampa za faiba, masega ya ekzosi yanayosafisha moshi yaliyotolewa yakauzwa: kwa mnunuzi makini kila kimoja ni ishara kwamba gari limekimbizwa. Gari la spoti linapendwa likiwa kama lilivyotoka kiwandani, kwa kuwa kila anayelinunua ana ndoto zake mwenyewe.

Mimi niliwahi kuvalisha rimu za inchi 18. Zile za asili za 17 sikuziuza, zilikaa stoo zimefunikwa gunia la mkonge. Nilizirudisha, na za 18 nikaziuza peke yake kwa laki sita kwa kijana wa Mikanjuni. Zingebaki kwenye gari, zisingeniongezea hata laki mbili. Fanya hivyo kwa redio, viti, usukani na chochote kinachofunguka.

Kinachoongeza ni ushahidi. Daftari langu la gari lina kila oili niliyomwaga tangu 2016, kilomita pembeni, risiti zimebanwa kwa stepla. Karatasi ya mnada wa Japani niliitunza: daraja la 4, haina R, ambayo ni alama ya gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wake mna A chache, mikwaruzo, na U moja, kibonyeo mlangoni. Kilomita za kwenye karatasi ile zilikubaliana na cheti cha Japani cha kuruhusu gari kutoka nje ya nchi. Kwa nchi ambayo kila gari "lina kilomita elfu themanini", huo ulinganifu una thamani ya fedha. Nikaongeza masega yaliyopo mahali pake, injini yake ya asili yenye namba inayolingana na kadi, na funguo mbili. Vyote hivyo nilivitia laki nane. Wenzangu wale watatu wa simu hawakuwa navyo, niliwauliza.

Lengo langu likawa milioni 12.8.

Safisha na madeni mapema. Faini za barabarani zinaonekana mtandaoni kwa namba ya gari, na madeni ya maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, vilevile. Mimi nilikutwa na deni la maegesho la Dar ambalo nilishalisahau. Kadi iwe kwa jina lako. Kama ulinunua kwa mtu ukaacha kadi kwa jina lake, bei yako haipo mpaka umalize kubadilisha umiliki. Hapo utaletewa nusu, na anayeleta nusu si mtu unayemtaka.

Namba tatu kwenye karatasi

Niliandika namba tatu nikazibandika ndani ya mlango wa kabati: 13.8 ya kutangaza, 12.8 ya kulenga, 12.3 ya kutoshuka. Ya kutangaza iache nafasi, maana hapa kwetu kununua bila kupunguziwa ni kama kualikwa usile. Lakini isizidi lengo kwa zaidi ya asilimia nane hivi, la sivyo watu wa kweli hawapigi simu kabisa. Na ile ya tatu iandike ukiwa umetulia, umekula, kabla hela ya mtu haijawekwa mezani. Tangazo nililitoa mwezi wa pili, Januari ilipokwisha na ada za shule zimelipwa.

Simu kumi za kwanza zilikuwa "mwisho ngapi?" Niliwajibu wote sentensi moja: bei ya mwisho inatajwa mbele ya gari. Kijana mmoja wa Muheza alifika na milioni nane kwenye bahasha, "mkononi, sasa hivi, dada". Nilimkaribisha maji, nikamshukuru, akaondoka. Fedha taslimu ni nzuri, ila haigeuzi nane kuwa kumi na mbili.

Aliyelichukua alitoka Arusha na fundi wake, wakashuka Kange alfajiri. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibuni, mmeamkaje?" Kabla hawajauliza chochote niliwapa tochi na kuwaonyesha tao lenye kutu, nikawapa sumaku, nikataja klachi. Fundi alimtazama mwenzake. Baadaye yule kijana aliniambia alikuwa na orodha ya mambo tisa ya kunishushia bei, na saba nilikuwa nimeyasema mwenyewe na kuyatoa kwenye hesabu tayari.

Kujaribu gari: leseni kwanza, nikaipiga picha, nami nikakaa kiti cha pembeni. Tukaenda njia ya Pongwe taratibu mpaka injini ikapata moto, ndipo nikamruhusu kulivuta kidogo palipo wazi. Akapandisha gia ya pili, ya tatu, akashusha, akasikiliza. Gia boksi haikulalamika.

Akataja 12. Nikafungua daftari, nikamwonyesha mistari ile: 13.4, toa 1.4, ongeza laki nane. "Niambie ni mstari upi si wa kweli, nitaufuta." Alikaa kimya muda mrefu akisoma. Akasema klachi Arusha inafika laki nane, akanionyesha ujumbe wa fundi wake. Ilikuwa kweli. Nikafuta saba nikaandika nane. Milioni 12.7, tukapeana mkono.

Malipo yalifanyika ndani ya benki, dirishani, na sikutoa funguo mpaka nilipoona salio kwenye akaunti yangu. Ujumbe wa simu pekee haunitoshi. Mkataba tuliuandika kwa wakili, nakala tatu, na bei iliyoandikwa ni ile iliyolipwa. Tukapita TRA siku hiyohiyo kuanza kubadilisha umiliki, kila mtu na TIN yake, namba ya mlipakodi. Na kwenye mkataba hakikisha mnaandika saa ya kukabidhiana, siyo tarehe tu. Sisi tuliandika saa 9:40 alasiri.

Wiki iliyofuata niliangalia namba ile mtandaoni nikakuta faini ya elfu thelathini, mwendo kasi, Mombo, tarehe ileile ya mauzo, saa 11:50 jioni. Nilimtumia picha ya ukurasa wa pili wa mkataba, penye saa. Aliomba radhi, na kabla ya magharibi alikuwa ameilipa.